Uwanja si Ukumbi wa Mihadhara

Jua linapoelemea upande wa Likoni na meli zikiingia polepole mlango wa Kilindini, kuta za ufukwe wa Mama Ngina, Mombasa, hujaa wanafunzi wa vyuo. Mkono mmoja una mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, mkono wa pili una simu, na ndani ya simu, kwa wengi wao, mna mpira wa kikapu. Mechi nyingi za NBA huanza Marekani wakati Mombasa ni saa tisa au saa kumi za usiku, kwa hiyo huwapita wakiwa wamelala. Wanachokipata ni vipande: mtupo wa mbali, mruko wa kupachika mpira, chenga iliyomwacha mlinzi amekaa chini. Huvirudia, hubishana, na kesho yake huenda kuvijaribu uwanjani.

Walimu wengi wa michezo na makocha huliona jambo hili kama adui. Neno lao ni moja: simu haimfunzi mtu mpira. Mpira hufunzwa uwanjani, kwa jasho, mbele ya kocha mwenye firimbi, na anayetaka kuuingiza mtandaoni ama ni mvivu ama anawatafutia wakuu wa chuo njia ya kubana matumizi. Kuogelea hakufunzwi mchangani, husema, na mtu aliyekulia kisiwani hahitaji kuelezwa zaidi. Msimamo huu ulipata nguvu mpya mwaka 2020, pale masomo yote yaliposukumwa kwenye skrini na wanafunzi wa michezo wakajikuta wanatazama uwanja badala ya kuukanyaga.

Ni msimamo wa kuheshimiwa, kwa sababu unatoka kwa watu wanaoupenda mchezo. Lakini umekosea, na kosa lake linawagharimu wanafunzi kitu ambacho vyuo vya Mombasa vinacho kichache kuliko vyote, nacho ni muda wa kugusa mpira.

Historia ya mchezo wenyewe inaukanusha. Desemba 1891, katika chuo cha mafunzo cha YMCA mjini Springfield, Massachusetts, mwalimu James Naismith alikabidhiwa darasa la wanafunzi 18 waliochoshwa na mazoezi ya ndani ya majira ya baridi. Kabla mpira haujarushwa hewani, Naismith aliandika kanuni 13. Zikapigwa taipu, zikabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ukumbi. Vikapu viwili vya kubebea matunda vikapigiliwa kwenye ukingo wa roshani, darasa likagawanywa tisa kwa tisa, na mechi ya kwanza ikaisha kwa kikapu kimoja tu. Mpira wa kikapu, basi, ulizaliwa chuoni, ukazaliwa kama somo, na kurasa za kusomwa zilitangulia mpira wa kudundwa. Karatasi ile ilifanya kazi ambayo video ya dakika nne inaweza kuifanya leo.

Wanaotetea uwanja mtupu wanapaswa kupiga hesabu. Darasa lina wanafunzi 30, uwanja mmoja wa saruji, vikapu viwili, na saa moja kabla giza halijaingia. Mwalimu anaeleza ulinzi wa eneo kwa dakika 20: anachora kwa chaki sakafuni, anawasogeza watu kwa mabega, anajibu maswali, anarudia kwa waliochelewa. Zimebaki dakika 40. Mchezo unahitaji watu kumi kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila mwanafunzi atacheza dakika 13 na sekunde kadhaa, muda uliobaki amekaa pembeni. Maelezo yale yale yakiwa yametazamwa usiku uliotangulia, kila mmoja atacheza dakika 20. Hiyo ni nusu nzima ya nyongeza, bila kumwaga saruji mpya wala kuajiri kocha wa pili. Anayedai kwamba video inamwondoa mwanafunzi uwanjani aeleze ni kwa nini hesabu inasema kinyume chake.

Na Mombasa saa hiyo moja haipatikani kirahisi. Viwanja vingi viko wazi, na saa saba mchana sakafu yake huunguza hata kupitia soli ya kiatu. Masika yakishuka Aprili na Mei, uwanja hugeuka dimbwi. Mwanafunzi anayeishi ng'ambo ya Likoni hucheza akiitazama saa kwa sababu ya foleni ya feri. Mwezi wa Ramadhani, mazoezi ya jioni hugongana na futari. Ukumbi wa Makande wa Mamlaka ya Bandari upo, lakini una wenyewe, timu za KPA, na si kila darasa la chuo litapata zamu humo. Katika mji wenye masharti hayo, kumsimamisha kijana wa miaka 20 chini ya kikapu ili asikilize mhadhara ni ubadhirifu, hata kama mhadhara ni mzuri.

Wapinzani husema mwili haujifunzi kwa maneno. Wanasema kweli, na hapo ndipo hoja yao inapowageukia. Mwaka 1967 wanasaikolojia Paul Fitts na Michael Posner waligawa safari ya kujifunza ujuzi wa mwili katika hatua tatu. Hatua ya kwanza ni ya kufikiri: mguu upi unatangulia, mpira unashikwa wapi, macho yanatazama nini. Ya pili ni ya mazoezi mengi, makosa yakipungua. Ya tatu ni pale mwili unapotenda bila kuulizwa. Hatua mbili za mwisho haziwezi kukaa ndani ya simu, na hakuna mtu makini anayedai zinaweza. Hatua ya kwanza inaweza, na ndiyo hiyo walimu wengi wanaimalizia uwanjani, kwa sauti, mbele ya watu waliosimama.

Ziko pia sababu za kuamini kwamba maneno mengi uwanjani hudhuru. Gabriele Wulf na wenzake, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005, waliwapa watu mitupo huru ya mpira wa kikapu. Watupaji walipoelekeza mawazo kwenye ringi, walifunga vizuri zaidi kuliko walipoambiwa wafikirie kifundo cha mkono, na kazi ya misuli yao ilipungua. Makocha wanaopaza sauti "Kiwiko! Magoti! Vidole!" wakati mwanafunzi yuko mstarini, mita 4.60 kutoka ubaoni, wanamjaza kichwani mambo ambayo angepaswa kuyamaliza nyumbani. Kiwiko kina mahali pake, nacho ni kwenye picha iliyopunguzwa mwendo, ambapo mwanafunzi anaweza kuisimamisha na kuitazama kadiri apendavyo. Uwanjani neno moja linatosha: ringi.

Halafu kuna jambo ambalo kambi ya uwanja mtupu hailitaji kabisa. Simu tayari inafundisha. Swali la kama iruhusiwe lilishapitwa na wakati. Vijana wa Mama Ngina wameshafunguliwa darasa, na darasa hilo halina mwalimu. Wanajifunza kutoka ligi yenye robo za dakika 12 na mstari wa pointi tatu ulio mita 7.24 kutoka kikapuni, kisha wanaingia kucheza chini ya kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ambako robo ni dakika 10 na mstari uko mita 6.75. Wameona kwenye NBA kwamba mpira unaozunguka juu ya ringi hauguswi. Chini ya FIBA, ukishagonga ringi mchezaji anaweza kuufagia. Wanahesabu madhambi sita kabla ya kutolewa, huku refa wa FIBA akihesabu matano.

Ugomvi mkubwa zaidi ni wa hatua. Tangu tarehe 1 Oktoba 2017, FIBA inamruhusu mchezaji anayeudaka mpira akiwa mwendoni kupiga hatua mbili, na mguu uliokuwa chini wakati anaudhibiti mpira hauhesabiwi miongoni mwa hizo. Kitendo chote huisha kwa muda mfupi kuliko wa kutamka jina lake. Kocha anaweza kukionyesha uwanjani mara hamsini na wanafunzi wakatoka bado wanabishana, kwa sababu jicho halikishiki. Kwenye video iliyopunguzwa mwendo kinaonekana wazi: mpira umetua mkononi, mguu wa kushoto uko chini, sasa hesabu. Kuna mambo ya mpira wa kikapu ambayo uwanja hauwezi kuyafundisha vizuri kama skrini, na hili ni mojawapo. FIBA yenyewe inalijua. Marefa wake husoma kanuni na kutazama matukio kupitia mafunzo ya mtandaoni kabla ya kupewa firimbi, na hakuna anayesema marefa hao ni wa mchangani.

Hata kumbukumbu tamu kuliko zote za mpira wa kikapu wa Kenya katika miaka hii ni somo lililomo ndani ya simu za watu. Februari 2021, mjini Yaoundé, timu ya taifa chini ya kocha Liz Mills iliishinda Angola, waliokuwa wakati huo mabingwa wa Afrika mara 11, kwa pointi 74 kwa 73. Tylor Ongwae alifunga mtupo wa mwisho muda ukiyoyoma, na Kenya ikarudi AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1993. Maelfu wamekitazama kipande hicho kwa furaha. Ni wangapi wameketishwa na mwalimu, wakakisimamisha kabla mpira haujaondoka mkononi, wakaulizwa: wachezaji wanne wengine wa Kenya wako wapi, na kwa nini? Swali kama hilo likipelekwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa Jumatatu, Jumatano uwanjani wanafunzi watakuwa na jambo la kujaribu, badala ya kila mmoja kutaka kuwa Ongwae.

Hoja inayobaki na uzito ni ya 2020. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule na vyuo tarehe 15 Machi mwaka huo, na ndani ya wiki chache wahadhiri waliokuwa hawajawahi kurekodi somo walitakiwa kufundisha kila kitu kwa mbali. KENET, mtandao wa elimu wa Kenya, ulihangaika pamoja na kampuni za simu kuwapatia wanafunzi bando za bei nafuu. Mafunzo ya michezo yaliteseka, na walioyaona hayo wamebaki na uchungu.

Lakini kilichofanyika mwaka ule hakikuwa mseto wa mtandao na uwanja. Mseto una sehemu mbili, na mwaka 2020 sehemu moja ilikuwa imefungwa kwa amri. Mwezi uleule wa Machi, Charles Hodges na wenzake waliandika nchini Marekani wakionya kwamba ufundishaji wa dharura usichanganywe na masomo ya mtandaoni yaliyopangwa, kwani watu wangekuja kuyahukumu ya pili kwa makosa ya kwanza. Ndicho kilichotokea. Kutumia mwaka wa viwanja vilivyofungwa kama ushahidi dhidi ya mpango unaotaka viwanja vifunguliwe ni kuhukumu kesi kwa faili la mshtakiwa mwingine.

Wala mseto si kitu kilicholetwa na janga. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kitengo cha masomo ya posta kule Kikuyu, chini ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, kilikuwa kikiwafunza walimu wa shule za msingi kwa vijitabu vilivyotumwa kwa barua, vipindi vya redio, na mikutano ya ana kwa ana wakati wa likizo. Walimu waliopanda vyeo kwa njia hiyo walifundisha kizazi kizima cha Wakenya. Na hapa Mombasa, Chuo Kikuu cha Kiufundi pale Tudor, kilichoanza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu, na kupata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2013, kimesimama juu ya desturi ya ufundi ambamo anayeingia karakana ameshausoma mchoro. Mwanafunzi wa umeme hapewi waya akiambiwa aujue mkondo kwa jasho lake. Kwa nini mchezaji wa kikapu anyimwe mchoro wake?

Kuna kundi ambalo uwanja mtupu umeliacha nje muda mrefu, nalo halizungumzwi vya kutosha. Wasichana wengi wa Kiislamu wa Mji wa Kale na mitaa jirani hufika chuoni bila kuwahi kudunda mpira. Uwanja wa wazi, wenye wavulana waliopanga mstari pembeni wakitazama na kutoa maoni, si mahali ambapo mtu mzima atapenda kuonekana akikosea kwa mara ya kwanza. Sheria ya mchezo haiwazuii tena. Tarehe ileile ya Oktoba 2017, FIBA ilianza kuruhusu vifuniko vya kichwa vilivyokuwa vimekatazwa kwa miaka mingi. Uwezo nao haukosi pwani: wanawake wa KPA wametwaa ubingwa wa ligi ya Kenya zaidi ya mara moja. Kinachokosekana ni mlango wa kuingilia. Msichana aliyejifunza namna ya kusimama, kupokea na kugeuka kwa mguu mmoja akiwa nyumbani kwao, mpira ukidundwa uani, atafika kwenye mazoezi ya kwanza akiwa na kitu cha kusimamia. Kumwambia kwamba mpira hufunzwa uwanjani tu ni kumwambia abaki nyumbani.

Suala la bando ni la kweli na halipaswi kupuuzwa. Juni 2009 mkongo wa baharini wa TEAMS kutoka Fujairah ulifika Mombasa, na mwezi uliofuata SEACOM nao ukawashwa. Intaneti ya kasi ya Kenya iliingilia hapa, kwenye pwani hii. Ni aibu kwamba mwanafunzi anayeishi mwendo wa tuktuk kutoka mikongo hiyo bado anahesabu megabaiti kabla ya kufungua video. Lakini dawa ya aibu hiyo inajulikana, na haihitaji mradi mkubwa. Video ziwe fupi, zipunguzwe ukubwa, zipakuliwe mara moja kwa mtandao wa chuo na kupokezanwa kutoka simu hadi simu. Asiye na simu inayofaa atazame na mwenzake. Mchezo wenyewe ni wa watu watano. Anayetumia umaskini wa bando kama sababu ya kutofanya lolote hajawahi kuonekana akidai wanafunzi wapewe bando hilo.

Kuna sehemu moja ambapo wapinzani wana haki kamili, na wanaotetea mseto wanapaswa kusimama nao bega kwa bega. Wakuu wa vyuo wanaweza kuushika mpango huu na kuugeuza kisu. Watasema somo liko mtandaoni, kwa hiyo saa za uwanja zipunguzwe, kocha wa muda asiongezewe mkataba, uwanja wenyewe ugeuzwe kituo cha magari. Hofu hiyo si ya kubuni; kila anayejua bajeti za vyuo vya umma anajua michezo ndiyo hukatwa kwanza.

Ushahidi wenyewe unaidai hadhari hiyo. Mwaka 2009 Wizara ya Elimu ya Marekani ilikusanya tafiti nyingi zilizolinganisha njia za kufundisha, ikaona kwamba waliochanganya mtandao na darasa walifanya vizuri zaidi kuliko waliokaa darasani peke yake. Lakini waandishi wake walitahadharisha kwamba huenda siri haikuwa mtandao wenyewe: madarasa ya mseto mara nyingi yalikuwa yamewapa wanafunzi muda na nyenzo za ziada. Ukiondoa ziada hiyo, huenda umeondoa faida. China, ambako mseto wa video na uwanja katika mpira wa kikapu wa vyuo umefanyiwa utafiti mwingi, masomo ya mwili ni ya lazima kwa wanafunzi wa miaka miwili ya mwanzo, kwa vipindi visivyopungua 144. Huko video zinawekwa juu ya sakafu iliyokwisha kumwagwa. Hapa Mombasa, ambako kwa wanafunzi wengi mpira wa kikapu ni mchezo wa jioni wala si somo lenye saa zake kwenye ratiba, sakafu hiyo haipo, na bila kuidai kwanza, wapinzani watathibitishwa kuwa walisema kweli.

Kinachohitajika kinaweza kuelezwa kwa maneno machache. Masomo kumi, kila moja lisilozidi dakika tano, kwa Kiswahili, yakirekodiwa kwenye viwanja vya Mombasa na makocha wa Mombasa: kusimama, kudunda kwa mikono yote miwili, pasi ya kifua na ya kudundisha, kugeuka kwa mguu mmoja, leiapu, mtupo huru, kuziba njia ya ribaundi, ulinzi wa mtu kwa mtu, ulinzi wa eneo, na hesabu ya hatua. Lugha ni jambo kubwa hapa. Video nyingi zilizopo ni za Kiingereza cha haraka, zimepigwa kwenye kumbi zenye sakafu ya mbao na mipira ishirini sakafuni, na hazimwambii mwanafunzi la kufanya akiwa na mpira mmoja kwa watu sita na upepo wa kusi unaosukuma mtupo kando. Kocha aliyefundisha miaka kumi kwenye saruji ya pwani anajua. Ujuzi huo haujarekodiwa popote, na anapostaafu huondoka nao.

Baada ya kila somo, mwanafunzi ajipige video akijaribu, aitume kwenye kikundi, na kocha achague tatu au nne za kujadiliwa dakika tano za mwanzo wa mazoezi. Kazi hiyo ya kutazama na kujibu usiku ni kazi, na ilipwe. Likizo ya Agosti inatosha kurekodi masomo yote kumi, na muhula wa Septemba unaweza kuanza nayo, mradi chuo kitakachotangulia kiandike kwenye ratiba yake, kwa tarakimu, saa za uwanja ambazo hazitaguswa, na kiweke sahihi ya mkuu wa chuo chini yake kabla kamera haijawashwa.